Gari Lililotazama Mteremko

Starta ya pikapu yetu ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza niliizoea tangu kabla sijaanza shule: nzito, ya kukatakata, hu-hu-hu, kama mtu anayepanda mlima na ndoo ya maji kichwani, kisha injini inashika na nyumba nzima inajua kwamba gari limewaka. Ya pili niliisikia kwa mara ya kwanza asubuhi ya Jumatano moja ya kiangazi, nilipokuwa darasa la nne, nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Ilikuwa nyepesi, laini, ya haraka, haina mapigo ndani yake. Ilizunguka tu, kama pedeli za baiskeli iliyotoka cheni, na haikuishia popote. Mama aliachia ufunguo, akasubiri, akapiga tena. Sauti ikawa ileile. Kuku waliokuwa wamejificha upepo chini ya gari walitoka, wakatazama, wakarudi palepale, maana hata wao walikwisha kuijua sauti ya gari linaloondoka. Uji ukapoa mkononi mwangu na sikuunywa.

Tulikaa Kilimatinde, juu kabisa, mahali ardhi inapokatika ghafla na kuliacha bonde likilala chini mpaka macho yachoke. Mwezi wa saba upepo hupanda kutoka bondeni ukiwa umebeba vumbi na harufu ya majani makavu, ukayapigapiga mabati kutwa nzima. Ni upepo usiowaacha watu watulie. Mtu anaanza kufagia, anaacha ufagio katikati ya uwanja, anaingia ndani, anatoka, na amesahau alichokifuata. Kwa sababu ya mteremko ule, wenye magari wachache wa kijiji chetu walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyeegesha gari likitazama nyumba. Gari lilitazama mteremko, likiwa kwenye gia, jiwe kubwa likiwa chini ya gurudumu la mbele, ili siku betri ikilala watu watoe jiwe, wasukume kidogo, na gari lishtuke lenyewe njiani. Betri zilikuwa chakavu, na mahali pa kuzichaji palikuwa Manyoni, lakini mteremko haukuwahi kukosekana. Watu walijivunia jambo hilo. Mgeni akiegesha gari lake likitazama kilele, walicheka na kumuuliza kama amehamia.

Kiangazi kile baba alikuwa amevunjika mkono. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na kola iliyonyooshwa, lakini alipanda kupigilia bati lililolegea na upepo ukamshusha. Alirudi kutoka hospitali na hogo, plasta ngumu ya kushika mfupa, kwenye mkono wa kushoto, kutoka juu ya kiwiko mpaka karibu na vidole. Mkono wa chaki ulikuwa mzima, ila huu ulikuwa ndio mkono wa gia. Na magunia ya alizeti yalikuwa yamejaa sebuleni mpaka tulikuwa tunakula tukiwa tumeyaegemea, yakisubiri kupelekwa Manyoni kukamuliwa. Basi mama akafungua sanduku la nguo, akatoa leseni yake iliyokuwa imelala chini kabisa pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Miaka ya nyuma baba alikuwa amemfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, akafaulu mtihani, na leseni ikaenda kulala kwenye sanduku kwa sababu ufunguo ulikaa mfukoni mwa baba. Sasa ufunguo ulihamia kwenye pindo la kanga yake.

Kwa wiki tatu nilimwona mama mwingine. Mama yangu ni Mnyaturu wa Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, na pale Kilimatinde kati ya ndugu wa baba, ambao ni Wagogo, alikuwa amejizoeza kuwa mtu wa sauti ndogo. Wiki zile alianza kutembea haraka. Alibeba magunia yetu, ya jirani, na siku moja akambeba mgonjwa na ndugu zake wote wakiwa wamejazana nyuma. Aliporudi jioni alikuwa na vumbi kwenye nyusi, na alikula akiwa amesimama, kana kwamba bado kuna mahali anatakiwa kufika. Kisha akatuma ujumbe kwa bibi, mama yake, kule Mwankoko: Jumamosi ijayo nakuja na watoto, naendesha mwenyewe. Tulikuwa hatujamwona bibi tangu nikiwa darasa la kwanza. Nilihesabu siku kwa vidole, nikazirudia kuzihesabu, kana kwamba zingepungua.

Jambo moja nililiweka kwangu. Jumanne jioni, siku moja kabla ya gari kukataa, mama alirudi na magunia matupu, akaegesha kama ilivyo desturi, akaingia jikoni na kuusahau ufunguo kwenye gari. Mimi nikaingia. Nilikaa pale alipokuwa amekaa, kiti kikiwa bado na joto lake, nikashika usukani na kuwaitikia shikamoo watu ambao hawakuwapo. Kisha nikazungusha ufunguo. Sikujua habari za gia. Gari liliruka mbele kama mbuzi aliyeshtuliwa, likagonga jiwe, na ndani ya injini kitu kikalia tak. Halafu kimya. Nilichomoa ufunguo, nikaenda jikoni na kuuweka kwenye meza karibu na chumvi. Mama alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatano, mama alipopiga starta na injini ikakohoa mara moja tu, kisha ikaanza kuzunguka kwa ile sauti nyepesi, mimi nilijua kabla ya mtu yeyote kwamba kuna kosa. Kosa gani, sikujua. Baba mkubwa Yoramu, kaka wa baba, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, alifika kabla mama hajashuka. Ujanani alikuwa ameendesha trekta shambani kwa mtu, na tangu hapo aliamini kwamba hakuna injini iliyozaliwa asiyoijua.

“Shikamoo, shemeji,” mama alisema akiwa bado ndani ya gari.

“Marahaba. Umelifanya nini gari?”

“Nimezungusha ufunguo.”

“Ufunguo tu?”

“Ufunguo tu. Kama jana, kama juzi.”

“Gari haliharibikii hewani, mama Yunisi. Anaulizwa aliyeliendesha mwisho.” Akageuka kwa watu waliokwisha kusogea, maana Kilimatinde boneti ikifunguliwa watu hutokea wenyewe. “Mimi nilisema siku ya kwanza. Huu mguu wa kwenda shambani, ukiupa klachi, unaikanyaga kama unakanyaga udongo wa tofali.”

Watu wakacheka. Baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Nilimsikia akigonga hogo lake kwa ukucha, tk, tk, tk, kama alivyogonga meza darasani akisubiri jibu. Baba mkubwa akanyoosha mkono dirishani. “Ufunguo urudi kwa mwenye gari.”

Mama akauchomoa ufunguo, akashuka na kuufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. “Ijulikane kwanza, shemeji,” alisema, si kwa sauti kubwa. “Ikijulikana ni mimi niliyeliua, nitauweka mezani mwenyewe na sitaugusa tena. Lakini ijulikane.”

Siku ile, shuleni, sikusikia chochote kilichoandikwa ubaoni. Niliporudi nilichukua daftari la hesabu lenye kurasa zilizobaki, nikalipiga mistari kama baba alivyotufundisha katika sayansi: nani, amesema nini, kimeonekana nini. Nilitaka kujua kila kitu kuhusu lile gari, na ndani ya kutaka huko kulikuwa na maombi: kwamba kosa litokee mahali ambapo mama hayupo na mimi sipo. Mstari wa kwanza niliandika: “Sauti nyepesi, kama baiskeli iliyotoka cheni.” Habari ya Jumanne jioni sikuiandika. Nilijiambia kwamba daftari lilianza Jumatano.

Baba mkubwa alianza na mafuta. Alichomoa mpira unaoleta petroli kwenye kabureta, akauelekeza kwenye kopo, akamwambia mama apige starta. Injini ikazunguka kwa wepesi wake, kopo likabaki kavu. “Pampu imekufa,” akatangaza, nami nikaandika. Akachota petroli kwenye tangi kwa mpira, akaitema, akaimimina mwenyewe ndani ya kabureta. Mama akapiga. Wapi. Akahamia kwenye plagi. Akaichomoa moja, akailaza juu ya chuma ikiwa na waya wake, tukainama wote kutazama kama itatoa moto, cheche ile ndogo ya bluu. Mama akapiga starta mpaka mkono ukamchoka. Haikutoa. “Waya nazo zimekufa,” akasema, akazisugua kwa msasa, akazipuliza. Wapi. Alikuja asubuhi, akaja mchana, akaja jioni. Kati ya safari hizo, watu wengine walipita na maoni yao: koili, betri, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mmoja alitaka tuulize kama kuna paka aliyelala juu ya injini. Kila mara baba mkubwa alimalizia kwa neno lilelile, kwamba hayo yote ni matunda, mti wenyewe ni ule mguu.

Jumatano jioni tulikula huku upepo ukisukuma mlango. Mama hakukaa. Baba aligonga hogo. Mimi nilikuwa na daftari mapajani na jambo limenikwama. Injini sikuijua, lakini hesabu niliijua. Jumanne gari lilikuwa limekwenda Manyoni na kurudi, likiwa na petroli na likiwa na moto. Jumatano halikuwa na hiki wala kile. Pampu iko upande huu, waya ziko upande ule. Ikiwa kuku wa banda letu na kuku wa banda la jirani wataanguka kwa dakika moja, mtu haulizi yule amekula nini na huyu ameumwa na nini, anauliza ni kitu gani kimewapitia wote. Niliandika chini ya ukurasa: “Kwa nini vyote pamoja?” Nilipoliandika swali hilo nikaisikia tena ile tak ya ndani, na nikafunga daftari.

Alhamisi alasiri baba mkubwa alikuja na vijana sita. “Tunalishtua,” alisema.

Baba akatoka mlangoni kwa mara ya kwanza. “Yoramu, nimeagiza fundi Manyoni. Kesho anafika.”

“Fundi wa nini, na mteremko Mungu ametuwekea hapa? Toeni jiwe.”

Baba akarudi kusimama mlangoni. Mama alipanda kwenye usukani bila kuulizwa, baba mkubwa akaruka upande wa pili, na sisi watoto tukakimbia nyuma. Jiwe likatolewa, vijana wakaegemea, gari likaanza kushuka, polepole, kisha si polepole. Tulimsikia baba mkubwa akipaza sauti dirishani: “Achia klachi! Sasa! Achia!” Gari likashtuka, pua ikainama, magurudumu yakaendelea. “Tena! Kanyaga! Achia!” Likashtuka tena. Halikutoa hata moshi. Lilishuka kona ya kwanza, likashuka ya pili, vumbi likipanda nyuma yake, likatuacha sote tumesimama tukihema, na mwisho likafika kwenye mchanga wa korongo kavu kule chini, likasimama. Upepo ulituletea sauti ya milango miwili ikifungwa, mmoja taratibu, mwingine kwa hasira.

Walipanda kwa miguu. Mama alifika kwanza, uso mkavu, akapita katikati yetu. Baba mkubwa alifika baadaye sana, akiwa ameshika kiuno, na mtoto mmoja akaharibu mambo kwa kumuuliza, “Mzee Yoramu, gari mmeliacha wapi?” Kutoka uwanjani kwetu niliweza kuliona paa lake, dogo, jeupe, kama sabuni iliyosahauliwa mtoni. Jiwe lilibaki peke yake pale mlangoni. Mtu akija kutembelea, alilitazama hilo kwanza.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilipanga maneno ya kumwambia mama, na kila nilipoyapanga yalianza vizuri na kuishia kwenye sura ya baba mkubwa. Nilijiambia nitasema asubuhi. Asubuhi ikaja na pikipiki ya fundi.

Aliitwa fundi Shabani, mtu mwembamba wa makamo, spana zake zimefungwa ndani ya kipande cha mpira wa tairi. Alisimama uwanjani akasalimia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” kisha akatazama jiwe, akatazama mahali ambapo gari lilipaswa kuwa, akatazama chini bondeni. Hakuuliza. Tukashuka naye kundi zima, baba akiwa ameshikilia hogo lisitikisike. Kule chini fundi hakugusa kitu. Alikaa kwenye bampa.

“Starta inapiga?”

“Inapiga,” baba mkubwa alijibu.

“Kwa nguvu?”

“Kwa nguvu sana. Betri nzima.”

“Sasa mlilisukuma kumsaidia nani?”

Vijana sita walitazama viatu vyao. Hata mimi, niliyekuwa na majibu ya watu wote kwenye daftari, sikuwa na hilo. Tulisukuma kwa sababu Kilimatinde gari likikataa linasukumwa. Starta yetu haikuwa imeomba msaada wowote.

Fundi akaomba aelezwe tangu mwanzo, na midomo mitano ikafunguka kwa pamoja, pampu, waya, koili, mguu wa mama. Akainua mkono. Ndipo baba aliposema, “Yunisi ana daftari.” Sikujua kwamba alikuwa ameliona. Nilisogea mbele na kusoma. Nilisoma kwa sauti ya darasani, kwa sababu sikujua nyingine, na fundi akanisimamisha kwenye mstari wa kwanza. “Rudia hapo.”

“Sauti nyepesi, kama baiskeli iliyotoka cheni.”

“Endelea.” Nikasoma yote hadi swali la mwisho, kwa nini vyote pamoja. Akamtazama mama. “Piga kidogo tu.” Mama akafungua fundo la kanga, akapiga starta. Fundi hakusikiliza hata kwa muda wa kupumua mara mbili. “Basi. Inatosha.”

Akafungua kile kifuniko cheusi zinakotokea waya za plagi, akatuita tusogee. Ndani kulikuwa na kidole kidogo cha plastiki. Kidole hiki, alisema, lazima kizunguke injini ikizunguka, ndicho kinachougawa moto kwa kila plagi. Mama akapiga tena. Starta ikalia, injini ikazunguka, na kidole kikasimama tuli kama kimechorwa. “Mmeona? Chini kunazunguka, juu kumelala. Pampu ya petroli inaendeshwa na huko juu. Moto unatoka huko juu. Valvu za kufunga hewa ziko juu, ndiyo maana injini haina uzito, inazunguka tu kama baiskeli ya mtoto huyu. Na kinachounganisha chini na juu ni mkanda mmoja.” Alifungua boliti za jalada la mbele, akaingiza vidole, akauvuta. Ulitoka mweusi, umekatika, meno yamenyofoka, nyufa zimejaa mgongoni mwake kama visigino vya watu mwezi wa saba.

Baba mkubwa alikuwa wa kwanza kusema. “Haya, umekatika. Sasa nani aliukata? Si aliyeendesha mwisho?”

“Mzee wangu, mkanda haumjui aliyeendesha mwisho,” fundi alisema akiuzungusha mkononi. “Unamjua aliyetakiwa kuubadilisha.” Kisha akamgeukia baba, na sauti yake ikapungua, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwingine. “Mwalimu, huu nilikuonyesha kabla ya mvua zilizopita. Nyufa hizihizi.”

Baba alitazama mkanda, akatazama watu, akamtazama mama. Angeweza kusema amesahau. Angeweza kusema lolote, alikuwa mwalimu, na sote tungeamini. “Ulinionyesha,” alisema. “Nikasema bado unafaa.” Akaushika mkanda. “Na tangu Jumatano, niliposikia ile sauti, nilijua.”

Mama alikuwa na ufunguo mkononi, akautazama kana kwamba ndio uliokuwa ukisubiri jibu. Baba mkubwa Yoramu aligundua ghafla kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa.

Huo ulikuwa wakati wangu. Baba alikuwa amefungua mlango, ningepita nyuma yake. Nikajaribu kwa kuzunguka: “Fundi, gari likiruka mbele kwa bahati mbaya, linaweza kukata mkanda?”

“Mkanda mzima, hapana. Huu? Huu ungekatika hata ungeupigia chafya.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, na mlango ukafungwa. Nilipogeuka nilikuta mama ananitazama. Kisha akainama kuchota mchanga, akasugua grisi kwenye vidole vyake.

Bahati yetu ilikuwa kwamba injini ile haikuwa ya aina inayogonganisha vyuma vyake mkanda ukikatika. Mkanda mpya ulifika Jumatatu, na Jumamosi ya Mwankoko ilipita hivihivi, bibi akisubiri njiani bila habari. Fundi aliufunga kulekule korongoni, na kwa kuwa baba alikuwa na mkono mmoja, mama ndiye aliyeshika spana, akionyeshwa alama ya gurudumu la mkanda la chini na alama ya lile la juu zinavyotakiwa kukaa kabla mkanda haujakazwa. Aliuliza mara tatu, akazigusa alama kwa kidole. Alipopiga starta, sauti ikarudi: hu-hu-hu, nzito, yenye kuhema, nzuri kuliko kwaya. Gari likawaka. Vijana sita waliolisukuma walipanda nyuma, nasi juu yao, mama akapandisha mlima kwa gia ya kwanza mpaka mlangoni. Baba mkubwa, tuliyempita kwenye kona, alisema yeye anapenda kutembea.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Mwankoko. Bibi alitoka nje, akatukumbatia mmoja mmoja, kisha akalizunguka gari lote, akachungulia mpaka chini ya turubai. “Dereva mmemwacha wapi, ale?” aliuliza. Mama akainua ufunguo. Bibi alikaa chini palepale uwanjani, akapiga makofi, akaita majirani kwa Kinyaturu, akalitazama gari kama ng'ombe aliyezaa mapacha. Mama alicheka siku ile kwa sauti ambayo Kilimatinde hawakuwahi kuisikia. Baba, aliyekaa upande wa abiria na hogo lake, alichukua mifuko na kuingiza ndani kwa mkono mmoja.

Hogo lilipotolewa, wote tulisubiri kuona ufunguo utakwenda wapi. Jioni ya siku hiyo baba alichukua nyundo, akapigilia msumari kando ya mlango, kwenye urefu wa mkono wa mama, akautundika ufunguo hapo. Tangu hapo mwenye safari aliuchukua. Msumari ule ulikuwa ndio hotuba yake yote. Daftari langu nililiweka, na nilipokuwa mkubwa nikagundua kwamba nimeishi kwa kulirudia: kuuliza, kuandika, kupanga nani amesema nini. Ukurasa wa kabla ya ule wa Jumatano, wa siku ya Jumanne, bado ni mweupe.

Sasa ninaishi Mandewa, mjini Singida, na mama ninaye. Baba alitutoka. Barabara ni za lami, hakuna mteremko wa kujivunia, na magari huegeshwa yakitazama popote. Mwezi uliopita gari langu lilifanya yale yale: starta inapiga, haliwaki. Nilimpigia simu fundi, kijana wa kizazi cha wanangu, akaja na kifaa kidogo kama simu, akakichomeka chini ya usukani, akasubiri kimwambie ugonjwa. Hakusikiliza kitu chochote. Sikumlaumu. Kifaa kile kingetuokoa siku tatu za upepo, na kisingesema lolote juu ya mguu wa mtu. Lakini vilevile kisingemfanya baba aseme alichojua.

Mama alikuwa amekaa barazani na fimbo yake. Kijana alipopiga starta, mama aliinua kichwa. “Hiyo inahema,” alisema. “Mkanda upo. Tazameni petroli.” Kijana akatabasamu kwa adabu, kisha akatazama kifaa chake, na tabasamu likabadilika. “Bibi, kinasema pampu ya mafuta.”

Alifuata pampu nyingine dukani, na alipokuwa akiifunga chini ya kiti cha nyuma aliuliza kwa mazoea tu, bila kuinua macho, “Nani aliliendesha mwisho?”

“Mimi,” nilisema, kabla hajamaliza.

Mama akacheka. Alicheka kile kicheko cha Mwankoko, mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili. “Leo umewahi,” alisema.

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama gari.

“Nilikuwa nasonga ugali,” alisema, “nikasikia gari linaruka. Nikasema, huyu ataniambia kesho.”

Kumbe aliposimama kando ya gari asubuhi ile, mbele ya watu wote, na kuuweka rehani ufunguo wake, alijua mkono uliougusa kabla ya wake. Alikuwa amefunga mafundo mawili juu ya jambo langu na kulibeba mpaka korongoni na kulirudisha. Nilitaka kusema kitu, na maneno yakaanza kujipanga kama yalivyojipanga kwenye godoro la utotoni. Sikuyasubiri. “Nilikuwa mimi, mama,” nikasema. “Jumanne jioni.”

“Najua,” alisema, akanyoosha mkono kwangu nimwinue. “Lete ufunguo. Kijana amemaliza.”

Aliingia polepole, akaweka fimbo pembeni, akasogeza kiti mbele. Kisha akapiga starta. Hu-hu-hu, na likawaka.